Kulala Uluguru na tochi: kupanda mlima kwa ajili ya vinyonga

Niseme mapema kabisa tusije kulaumiana, kama shida yako ni kufika kileleni upige selfi na bendera basi usiongozane na mtu anayepiga picha vinyonga, mtagombana njiani. Mi ndo huyo mtu. Nakaa Tabata, wiki nzima nashinda kwenye kompyuta, na hobi yangu ambayo ndugu zangu mpaka leo wanaionea aibu ni kutafuta vinyonga usiku na kuwapiga picha kwa simu. Hiyo hobi ndo imenifikisha kwenye kulala milimani, sikuanza na milima, mazoezi yenyewe mi nayo tunasalimiana kwa mbali.

Swali ninaloulizwa kila siku ni kwa nini usiku. Ni hivi, mchana kinyonga anakuona we kabla hujamuona yeye, yale macho kila moja linazunguka kivyake, akishakuona anajisogeza pole pole upande wa pili wa tawi anajibana hapo, we unabaki unaangalia tawi. Usiku analala. Akilala rangi inapauka, anakuwa mweupe mweupe hivi au kijani cha kufifia, na hapendi kulala katikati ya mti, anaenda nchani kabisa mwa kijiti, sababu nyoka akimfuata kule kijiti kitatikisika na yeye anajiachia anadondoka chini anapotelea. Sasa ukipita na tochi kali majani yote yanameza mwanga ila yeye anaurudisha, anang'aa kama kipande cha mfuko wa nailoni kilichonasa kwenye mti. Ukishampata wa kwanza jicho linajifundisha lenyewe, wa pili unamuona toka mbali, wa tatu unamuona huku unaongea na mtu.

Na wala huhitaji kwenda Moro kuanza. Hapa hapa Dar wapo, yule wa kijani wa kawaida mwenye vijingozi viwili kisogoni yupo Goba, yupo Kibamba, yupo Pugu, kwenye viwanja ambavyo watu wamenunua hawajajenga, kwenye michongoma, popote penye kijani kidogo. Mi nimejifunzia huko, jioni baada ya kazi. Changamoto ya Dar sio kinyonga, ni binadamu. Ukimulika uzio wa mtu saa tatu usiku uwe na maelezo ya kueleweka, na maelezo ya "natafuta kinyonga" hayaeleweki, ulinzi shirikishi wanakuangalia wanaona huyu ama mwizi ama mchawi, na kati ya hayo mawili mwizi ana nafuu. Dawa yake ni kuanza na mjumbe au mwenye kiwanja kabla jua halijazama, umuoneshe picha kwenye simu, akishacheka imeisha hiyo.

Maana watu wanawaogopa hawa viumbe kinoma. Mwanaume mzima na ndevu zake anaruka mtaro. Tumekua tunaambiwa ana sumu, akikung'ata hakuachii, akikupanda kichwani una mkosi, na tukiwa wadogo tulikuwa tunamuwekea ugoro mdomoni tumuone anavyolewa, ukatili mtupu ule. Sumu hana. Silaha yake yote ni kujivimbisha, kutoa sauti ya hasira na kufungua mdomo ambao kwa ndani una rangi kali ya chungwa, akimaliza hapo hana kingine. Hata ile habari ya kujigeuza afanane na alipokaa imetiwa chumvi, mara nyingi anabadilika kwa hasira, kwa kumuona dume mwenzake, kwa baridi au joto. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walionesha kwa vinyonga wa Madagascar kwamba chini ya ngozi kuna vifuwele (kristali) vidogo sana, vikikaa karibu karibu anarudisha rangi hii, vikiachana anarudisha nyingine. Yani ngozi inasogeza vifuwele, sio inatoa wino. Mi hiyo iliniua kabisa nilipoijua.

Tuje kwenye mlima sasa. Uluguru, milima ya pale Morogoro, ni kwenye ile Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya inashuka Usambara, Nguru, Uluguru mpaka Udzungwa, misitu ya kale ambayo kila mlima umekaa peke yake muda mrefu mno mpaka viumbe vyake vikawa vya kwake. Kuna ndege wapo Uluguru tu, kuna vyura, na kwa upande wangu kuna kinyonga kibete aliyepewa jina la mlima wenyewe, Rhampholeon uluguruensis, kitaalamu kaelezwa mwaka 1996 tu hapo, urefu wake hazidi kidole. Ukienda juu zaidi kuna wa pembe tatu, dume ana pembe tatu usoni kabisa, na jike lake hatagi, anazaa watoto wanatembea. Yote hayo kilomita 190 hivi toka Kariakoo na watu tunashinda tunaangalia video za Amazon.

Na usafiri umekuwa rahisi, toka treni ya SGR ianze Juni 2024 ile nauli ya kawaida ya elfu 13 ilibadilisha kila kitu, zamani ulikuwa unafika Moro umeshachoka na foleni ya Kibaha na Mlandizi kabla hujaanza kupanda chochote. Sasa unapanda ya asubuhi, unashuka Kihonda, bajaji mpaka mjini, unakula supu, unaenda kwenye kibali. Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya TFS, yani wakala wa misitu wa serikali, kibali sio hiari, unapewa kontroo namba unalipia kwa simu na unapewa mtu wa kuwaongoza. Hapo nashauri kitu kimoja, sema wazi kwamba mtatembea usiku na tochi na kwamba hamchukui kitu. Usiku msituni kuna watu wanaokata miti, wanaowinda, wanaochimba, na askari wa misitu akiona tochi anafikiria hao kwanza. Ukishaeleza mapema wote mnalala kwa amani.

Kuhusu watu wa kwenda nao, hapa ndo penyewe hasa. Kuna haya magrupu ya haikingi ya Dar, yapo mengi siku hizi, fulana zinafanana, kuna spika ya bluutuu, kuna kiongozi mwenye filimbi, na mi siyasemi vibaya, yamewatoa watu baa wikendi na kuwapandisha kilele cha Lupanga ambacho kina mita 2,138 na toka pale mjini unapanda karibu mita 1,600 za kwenda juu tu, si mchezo. Nimeshaenda nao. Ila mwendo wa grupu ni mwendo wa kileleni, kila mtu anaangalia saa na anaangalia kisogo cha mwenzake, kiongozi anapiga kelele twende twende jua linazama, we ukichuchumaa kwenye kichaka dakika kumi foleni nzima imesimama nyuma yako, kuna dada anauliza kaka umeumwa? Na muziki ule. Kinyonga kwa sauti si lolote, hana hata tundu la sikio kwa nje, ila kila kingine chenye masikio kimeshahama.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba safari haiwezi kuwa na mabosi wawili. Ama kilele ndo bosi na hobi inaomba ruhusa, ama hobi ndo bosi na kilele kikipatikana ni nyongeza. Watu wengi wanaobeba kamera, fimbo za kuvulia, darubini za ndege, wanapanda kwa ratiba ya kilele halafu wanashangaa wamerudi na picha za migongo ya wenzao. Ratiba ya vinyonga ipo tofauti kabisa na ya mlima, inageuza siku juu chini, na ukikubali igeuke mambo yanakuwa mepesi ajabu.

Kwa hiyo sasa tunaenda wachache, mi, mshkaji wangu wa toka shule, mke wake ambaye mi namwita shemeji, na mmoja anayependa vyura. Kambi tunaweka Morning Side, pale penye lile jengo la zamani la Wajerumani, sio mbali sana kutoka mjini na begi la kulala huko halikuui. Tunafika mchana, tunafunga hema, tunakula wali maharage mapema, na tunalala. Ndiyo, mchana kweupe, mtu umetoka Dar na nauli yako unalala saa nane mchana mlimani. Ndo siri yenyewe ya kukesha. Jioni kabla giza halijaingia unatembea ile njia utakayoitafuta usiku, unaona wapi pana mteremko, wapi pana jiwe linateleza, wapi kuna upupu, wapi siafu wanavuka, maana usiku macho yako yatakuwa juu kwenye majani na miguu itakuwa yatima. Sisi tuna utaratibu, mmoja anatafuta, mwingine kazi yake ni kuangalia chini tu na kusema simama. Mnabadilishana. Na gambuti, achana na raba za bei mbaya, gambuti ya dukani ya kawaida, sababu ya tope na sababu milima hiyo ina yule nyoka mdogo wa vichakani mwenye vipembe juu ya macho na yeye usiku yupo kazini kama sisi. Mkono hauingizwi kichakani. Hata uone nini.

Mwongozaji tuliyepewa safari ninayotaka kuielezea, mwishoni mwa Juni, alikuwa mzee Mluguru wa makamo ya baba yangu, tukamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba wanangu, akatuangalia mabegi, akaangalia tochi, akauliza taratibu bila kututazama usoni:

"Sasa semeni ukweli, mmefuata madini?"

Wala simlaumu, upande wa Matombo kule watu wanachimba rubi toka zamani, mtu wa mjini akija na tochi kubwa ana lake. Tukamwambia mzee, vinyonga. Akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe. "Yani mmelipa hela, mmepanda treni, mje mwangalie kinyonga?" Shemeji akamjibu mzee hata mi nimeletwa tu.

Tukaanza saa moja na nusu usiku. Ukungu ulikuwa unapanda toka chini, ile baridi ya kuingia kwenye mikono ya koti, na mtu wa Dar akisikia baridi anaongea sana, basi mwanzoni tulikuwa na kelele. Baada ya muda kila mtu akanyamaza mwenyewe. Kitu ambacho mtu haelezwi kuhusu kutembea msituni na taa ya kichwa ni vile ardhi inavyokuangalia, unainamisha kichwa unaona vinukta vinukta vya kijani na bluu vinameta chini, mamia, unafikiri ni umande, unasogea kumbe ni macho ya buibui. Umande haukimbii. Juu komba anaruka, macho mekundu mawili, anapotea. Halafu perere akaanza, kama hujawahi kumsikia perere usiku siwezi kukueleza ukaelewa, ni mnyama mdogo tu wa mtini anayefanana na pimbi ila ile sauti ni ya mtu anayenyongwa akiwa anajua. Shemeji akashika begi la mumewe hakuachia tena mpaka kambini.

Lisaa la kwanza hatukupata kitu. Hii ni kawaida na hapa ndo wengi wanaongeza mwendo, wanaona labda mbele kuna zaidi. Mbele hakuna zaidi. Kinyonga yupo hapo hapo ulipopita, ni we umepita haraka. Sisi tukapunguza, hatua moja, mulika kushoto toka chini ya goti mpaka juu ya kichwa, mulika kulia, hatua nyingine. Usiku mzima ule sidhani kama tulimaliza mita mia tatu. Tochi usiishike kiunoni, iwe usawa wa jicho lako, ili mwanga ukirudi ukufikie we na sio kitambi.

Wa kwanza alikuwa kwenye jani la mti wa urefu wa kifua, kijana, amelala kichwa kikiangalia shina, mkia kaukunja umeviringika vizuri. Tukampiga picha tukamwacha. Ila aliyenifanya niandike haya yote ni wa pili, na hatukumuona sisi. Mzee alikuwa nyuma yetu kakaa kimya muda wote kavaa koti lake kubwa, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mnatafuta nini huko juu, si huyu hapa mnamkanyaga."

Chini ya goti, kwenye kijiti chembamba. Ukimulika kwa juu huoni kitu, unaona jani kavu. Nikalala kifudifudi kwenye tope nikasogea. Ni kinyonga kibete, rangi ya hudhurungi iliyopauka, ubavuni ana mistari miwili mitatu ya mshazari inayopita sawa sawa na mishipa ya jani, pua ina kijipembe kidogo laini, mkia mfupi mno ukilinganisha na wale wengine, na macho kayafumba, kile kigololi cha jicho kimezama ndani kidogo. Kwenye simu nikamkuza. Vidole vyake vimeungana makundi mawili, viwili huku vitatu kule, vimekishika kijiti kwa nguvu kabisa wakati mwenyewe amelala fofofo, na kila kidole kina kucha. Nikampa mzee simu. Akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaangalia muda mrefu.

"Kumbe ana kucha," akasema. Halafu, "Nimezaliwa hapa."

Hakumgusa lakini, alikataa katakata, na sikumlazimisha.

Maana anayejua msitu ndo yeye, we unajua simu. Mzee hakuwahi kutafuta kinyonga maishani mwake ila jicho lake linajua kila kitu kinavyotakiwa kukaa, kikikaa tofauti anakiona. Toka hapo tulimtanguliza yeye na tukapata wengi kuliko tulivyostahili. Nafikiri watu wa mjini tunafanya hivi mara nyingi, unamlipa mtu akuoneshe njia halafu unamweka nyuma abebe maji.

Kwa upande wa picha nisikuchoshe. Simu ya kawaida inatosha, na kile kilenzi cha makro, cha picha za karibu sana, cha kubana kwenye simu, Kariakoo wanauza bei ya chakula cha mchana. Flashi ya simu izime, inafuta kila kitu, badala yake mwenzako ashike tochi pembeni na mbele yake aweke tishu nyeupe iliyokunjwa, mwanga unalainika, ngozi inaonekana punje kwa punje. Piga usawa wa jicho la mnyama, sio kwa juu, ndo maana nasema tope haliepukiki. Kuna ukungu kwenye lenzi, huo unatokana na mambo mawili, la kwanza ni kutoka kwenye baridi na simu ya baridi unaingia nayo kwenye hema lililojaa pumzi za watu, la pili ni pumzi yako mwenyewe maana kwenye makro uso wako upo karibu na lenzi kuliko unavyodhani, unabana pumzi, unapiga, unageuka pembeni unapumua. Na mikono baada ya kupanda mlima inatetemeka, hiyo ni sababu nyingine ya kulala mchana.

Na mnyama asibanduliwe. Anashika kwa nguvu kweli, ukimvuta utamuumiza, na ukimuamsha usiku wa baridi hana uwezo wa kukimbia wala kujipasha moto, anabaki hapo mweusi kwa hasira mpaka jua litoke. Picha chache, dakika mbili tatu, tochi ondoa. Ukikosa umekosa.

Kuna jamaa aliniandikia baada ya kuona picha akataka lokesheni kamili, akasema ni ya kujifunzia. Sijampa na sitampa. Nikueleze kwa nini. Chini ya Uluguru kuna msitu mdogo unaitwa Kimboza, na humo na kwenye vipande vingine vichache vya karibu ndo anapatikana mjusi mdogo wa bluu, bluu kweli kweli, duniani kote hayupo kwingine. Watu wa kufuga mijusi Ulaya na Marekani walimpenda, basi wakawa wanakamatwa kwa maelfu, na kwa kuwa anaishi kwenye miti ya mikadi walikuwa wanaangusha mkadi mzima ili wampate. Mwaka 2016 kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, pale Johannesburg akapandishwa kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, biashara ya kimataifa ikapigwa marufuku. Sasa picha ya simu siku hizi inabeba lokesheni ndani yake, unaiposti ukidhani unaonesha uzuri kumbe umechora ramani. Zima hiyo kitu kwenye kamera kabla hujapanda.

Tulivyokuwa tunarudi kambini saa tano hivi tukakaa pembeni ya kijito kunawa tope. Mzee akachota maji kwa kiganja akanywa, akaniuliza nyie Dar si mnakunywa haya. Nikamwambia ndiyo mzee, maji ya hii milima yanaishia Ruvu na Ruvu ndo inatunywesha. Akauliza, ule mwaka mlilia maji mlielewa yamekauka wapi? Alikuwa anasema 2022, ule mgao wa mwezi wa kumi, watu tunazunguka na madumu Tabata yote, dumu moja bei ya juu na bado unapanga foleni. Nikamwambia kiukweli sisi tulikuwa tunaangalia bomba. Hakusema kitu. Akaongeza tu kwamba wao huku wanakatazwa kulima kando ya mito ili sisi tunywe, na mahindi yao hakuna anayeyauliza. Sikuwa na jibu na bado sina, maana ana hoja, na mi nilikuwa nimekaa pale na simu ya laki kadhaa nimekuja kuangalia mijusi.

Alfajiri wenzangu wawili wakaondoka na kijana wa mzee kwenda kilele cha Bondwa, kule kwenye minara, waone jua likitoka. Mi nilitoka hemani saa kumi na moja kwa haja zangu, ukungu ulikuwa umefunguka, taa za Morogoro zote zipo chini na Kilimia, lile kundi la nyota, kinapanda upande wa mashariki, kile kile cha wahenga, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kweli masika yalikuwa ndo yameisha. Nikarudi kulala mpaka saa tatu. Wenzangu wakarudi na picha za ukungu na magoti yanauma, wakasema ilikuwa fresh sana, na naamini ilikuwa fresh, ila kuna mmoja alilala kwenye treni mpaka Dar akasahau hata kuteremsha begi lake la stroberi, zikapondeka zote.

Msimu mzuri kwa maoni yangu ni huo huo, masika yakishatulia, majani bado yana unyevu na njia imeanza kushika. Katikati ya masika usiende, utateleza mpaka mjini. Kiangazi kikikolea wanyama wanapungua, au niseme wanajificha.

Hizi picha nilimuonesha mama mwenye nyumba wangu, akapiga kelele akanirudishia simu kwa ncha za vidole kama inamuunguza. Lakini nadhani zilimwingia, maana sasa kila kinyonga akionekana kwenye uzio wetu Tabata haitwi tena mtu wa kuua, naitwa mi, hata niwe kazini napigiwa. "Baba kinyonga, ndugu yako yuko huku kwenye mchongoma, njoo umtoe watoto wanatoka shule." Nikifika jioni namkuta bado yupo, watoto wamemzunguka kwa mbali, mmoja anaomba nimuoneshe kucha. Nambeba na kijiti chake nampeleka kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa. Jirani hajui.